Jirani kaomba kujenga nyumba ya familia mbili, halmashauri ikagoma: niliyoyaona kikaoni Minnesota

Baba Neema MN

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, mwenye kahawa aivute karibu.

Mwaka jana mwezi wa tatu nilikuta barua sandukuni kutoka halmashauri ya mji wetu. Nakaa kitongoji kimoja nje kidogo ya Minneapolis, jina nalihifadhi kwa sababu bado nalala hapa. Barua inasema mwenye kiwanja fulani, nyumba tatu kutoka kwangu, anaomba kiwanja chake kitolewe kundi la nyumba za familia moja kiingizwe kundi la familia mbili. Kutakuwa na kikao, mwenye la kusema aje.

Kiwanja chenyewe nakijua. Alikuwa anakaa bibi mmoja wa asili ya Kinorwe, mjane, kila theluji ya kwanza ikianguka ananiuliza kama kwetu Morogoro nako inaanguka. Alipofariki watoto wakauza. Aliyenunua ni fundi ujenzi, anataka kubomoa kale kajumba ajenge nyumba moja yenye milango miwili, familia moja juu, nyingine chini. Basi. Si ghorofa kumi, si gesti, si baa. Nikajisemea hili litapita dakika tano.

Jamani.

Kwanza hiyo barua yenyewe. Kwa sheria ya jimbo la Minnesota inatumwa kwa wenye mali walio ndani ya futi 350 kutoka kwenye kiwanja, yaani kama mita 107, angalau siku 10 kabla ya kikao. Wenye mali. Rudieni hapo. Ng'ambo ya barabara kuna jengo la kupanga, familia zaidi ya ishirini, na humo anakaa dada yetu mmoja Mkenya anayefanya kazi ya usiku kuhudumia wazee, ana watoto wawili. Hakuna mpangaji hata mmoja aliyepata barua. Mwenye jengo, anayeishi jimbo lingine kabisa, yeye ndiye kaandikiwa. Dada aliposikia kwangu akasema, "Kwani hiyo nyumba si ndiyo ningehamia mimi?" Nikakosa jibu.

Kikao kilijaa. Dakika tatu kila mtu, kengele ikilia unakaa. Nilitegemea kusikia hesabu za mabomba na barabara. Nikasikia maegesho, nikasikia maji ya mvua, nikasikia habari za mti wa mwaloni ambao kumbe hata haumo kwenye kiwanja hicho. Ila neno lililorudiwa kuliko yote ni "hulka ya mtaa". Kila mzungumzaji wa pili anaanza na "mimi sina tatizo na wapangaji", halafu unaisikia "lakini" inakuja kama gari moshi. Mzee mmoja tu ndiye aliyesema bila kupaka mafuta: alinunua hapa zamani kwa sababu aliambiwa ni mtaa wa nyumba za familia moja, akalipa bei ya mtaa wa familia moja, sasa mnambadilishia mchezo akiwa uzeeni. Huyo nilimheshimu. Hatukubaliani, lakini nilimheshimu.

Nikasimama na Kiingereza changu cha Morogoro. Nikamuuliza afisa mipango: jamaa akiamua kujenga hapo nyumba moja ya vyumba sita na gereji ya magari matatu, anaruhusiwa? Akajibu ndiyo, ilimradi asizidishe kimo na aache nafasi mipakani. Na jengo hilohilo, ukubwa uleule, likiwa na milango miwili na majiko mawili? Hapana. Nikasema basi kinachopimwa hapa si jengo, ni jiko la pili. Kengele ikalia.

Kura: wanne wamekataa, mmoja amekubali. Naendelea baadaye, naingia zamu.

Kifimbo wa Mbezi

Mkuu umenichekesha nikiwa kwenye mwendokasi, watu wananiangalia. Marekani yote ile, ardhi mpaka inachosha macho, watu wazima wanagombania jiko la pili! Mimi nimekulia Manzese. Nyumba ya vyumba sita, korido katikati, kila chumba familia yake, uani choo kimoja, na mwenye nyumba yumo humohumo anafikiria atoe upenu aongeze mpangaji. Kwa sheria za huko tungefungwa sote.

Mpimaji Mstaafu

Kijana, usicheke haraka. Kupanga aina ya nyumba ili kupanga aina ya watu tulikuwa nako hapahapa, ni vile tumesahau.

Wajerumani, na Waingereza baada yao, waliigawa Dar es Salaam kanda tatu. Karatasi haikusema Mzungu, Mhindi, Mwafrika. Ilizungumzia majengo: kanda ya kwanza majengo ya mtindo wa Kizungu tu, ya pili majengo ya kudumu ya makazi na biashara, ya tatu ndiko nyumba za udongo na makuti ziliruhusiwa. Mwenye kipato cha makuti angejengaje kanda ya kwanza? Ndiyo mkapata Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kati ya Uhindini na Kariakoo ikaachwa sehemu ya wazi. Hiyo Mnazi Mmoja mnayokwenda kwenye mikutano, wengi hamjui kwa nini ipo pale.

Nimefanya kazi ya ardhi miaka mingi. Ujazo mdogo, ujazo wa kati, ujazo mkubwa: kwenye ramani ni mita za mraba, mtaani ni nani atakuwa jirani yako. Mleta uzi endelea.

Baba Neema MN

Mzee Mpimaji umenirahisishia, shikamoo.

Huku nako walianza kwa kutaja watu waziwazi. Mwaka 1917 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataza miji kutenga mitaa kwa rangi. Wakahamia kwenye hati za nyumba: mkataba unaandikwa kabisa kwamba nyumba hii isiuzwe wala kupangishwa kwa mtu mweusi. Minneapolis zilijaa. Chuo Kikuu cha Minnesota kina mradi unaitwa Mapping Prejudice, wamezifukua hati hizo moja moja wakazichora kwenye ramani, na ukiiangalia unaona mitaa mizima. Mahakama ikazing'oa meno 1948, sheria ya makazi ya 1968 ikazizika.

Lakini kanuni za aina ya nyumba zilibaki kimya pembeni. Kesi mama ni ya 1926, kimji cha Euclid karibu na Cleveland, Ohio. Waliweka madaraja: la kwanza nyumba za familia moja, la pili ndipo unaruhusiwa familia mbili, la tatu majumba ya kupanga. Yaani familia mbili ilishashushwa daraja tangu siku ile. Mahakama ikaubariki mpango, na Jaji Sutherland akaandika kuwa jumba la kupanga mara nyingi ni mnyonyaji tu anayefaidi uwazi na uzuri wa mtaa. Sisi tungesema kupe. Kwa hiyo mnaposikia "hulka ya mtaa" mwaka huu, jueni imekula karibu miaka mia.

Sasa Minneapolis yenyewe, ambayo ndiyo kila mtu anaitaja. Mle mjini kuna nyumba za familia mbili za tangu mwanzoni mwa karne iliyopita, moja juu moja chini, nzuri tu, zina baraza mbele. Kanuni zilizokuja baadaye zikafanya sehemu kubwa ya mji usiweze kuzijenga tena, zilizopo zikaachwa ziishi. Ikafika mahali kama asilimia 70 ya ardhi ya makazi ni familia moja tu. Desemba 2018 baraza la mji likapitisha mpango wa Minneapolis 2040, kura 12 kwa 1: kiwanja chochote cha makazi kiruhusiwe hadi nyumba tatu. Rasimu ya kwanza ilisema nne. Mabango yakajaa kwenye bustani za mbele, eti tingatinga linakuja kufyeka mitaa, wakashuka hadi tatu. Ikaanza kutumika Januari 2020.

Wapinzani wakaenda mahakamani, na hoja yao nilidhani ni utani: mazingira. Mpaka wapenzi wa ndege walikuwemo. Jaji akausimamisha mpango 2022, akausimamisha tena 2023, hadi Mei 2024 mahakama ya rufaa ilipotengua zuio, na mwezi huohuo Bunge la jimbo likatunga sheria ya kuikinga mipango ya miji na kesi za namna hiyo.

Na tingatinga? Halikuja. Nyumba za familia mbili na tatu zilizojengwa kwa ruhusa ile ni chache mno, na sababu imejificha kwenye vipimo ambavyo hakuna aliyevibebea bango. Chukua kiwanja cha kawaida cha mjini, futi 40 kwa 125, ni futi za mraba 5,000. Kwa mitaa mingi kanuni ilisema jumla ya sakafu zote isizidi nusu ya kiwanja. Una futi 2,500. Familia moja ni kasri. Familia mbili, 1,250 kila moja, panakalika. Familia tatu ni 833 kabla hujatoa ngazi. Bomoa nyumba ya watu, lipia kiwanja, halafu ujenge vijumba vitatu vya hivyo: hesabu inakataa. Kura iliwaruhusu watatu, kipimo kikawaruhusu mmoja na nusu.

Mama Kilimani

Baba Neema, wacha nikuambie upande wa pili, maana hapa naona mnashangilia tu.

Wazazi wangu walikuwa na nyumba Kileleshwa, Nairobi, nyumba ya chini, uwanja, maparachichi matatu. Hata sisi tuliambiwa ni kubadili matumizi kidogo tu. Tangazo lilibandikwa kwenye ua wa jirani, lingine kwenye gazeti ambalo hatukuliona. Kwanza zikajengwa nyumba nne za ghorofa moja, safi, hatukulalamika. Leo nyumba yetu imezingirwa na majengo marefu, jua linatufikia saa tano asubuhi, maji ni ya kuleta na lori, na mvua ikinyesha majitaka yanapanda barabarani. Watu wa mtaa wa Karen wao walikaza, wakashikilia nusu ekari kama kiwango cha chini cha kiwanja, wakaenda kortini kila mwaka, na ukienda leo bado unasikia ndege wakiimba. Mnawaita wabinafsi. Mimi nawaita wajanja.

Huyo mzee wa kikao chenu ndiye namwelewa zaidi.

Kifimbo wa Mbezi

Mama Kilimani kapiga penye mshono. Mimi Mbezi napigania maegesho na lori la majitaka kila wiki.

Baba Neema MN

Mama Kilimani, sikatai hata neno moja kuhusu mabomba. Bomba likishindwa limeshindwa, halina ubaguzi. Ila angalia ulichosema mwenyewe: zile nne hamkulalamika. Lililowaumiza ni mruko wa kutoka hapo kwenda mnara. Nionavyo mimi, mji ukifunga mlango wa hatua ndogo kila mahali, watu hawaachi kuja. Wanasukumwa vipande vichache vilivyoachwa wazi, na huko mwekezaji anapanda mpaka mawinguni kwa sababu ardhi ya kujengea imekuwa adimu kama dhahabu. Karen imebaki na ndege, Kileleshwa ikapokea watu wa Karen.

Minneapolis ni ushahidi wa ajabu kidogo kwa pande zote. Shirika la utafiti la Pew lilipiga hesabu ya 2017 hadi 2022: nyumba ziliongezeka asilimia 12 na kodi ya pango ikapanda asilimia 1 tu, wakati sehemu nyingine ya jimbo nyumba ziliongezeka asilimia 4 na kodi asilimia 14. Watu wakasema ona, familia mbili na tatu zimefanya kazi. Hapana. Nyumba nyingi mpya zilikuwa kwenye majengo ya nyumba 20 na zaidi, kando ya barabara kuu na njia za usafiri, na mji uliacha kulazimisha wajenzi watenge maegesho, mwaka 2021 ukalifuta sharti hilo kabisa. Kwa hiyo kelele zote tulipigia kipande kilichojenga kidogo, na kilichojenga kweli kikapita bila mabango mengi. Mimi mwenyewe nilikuwa nabishana kwenye magrupu nikiwa na hesabu isiyo sahihi. Nimejirekebisha.

Fundi Saint Paul

Nasoma kimya tangu mwanzo, sasa mmefika kwangu. Mimi ni seremala, najenga hizi nyumba.

Mleta uzi kasahau kitu kimoja kinachoua nyumba ya tatu kuliko hata vipimo. Sehemu nyingi za Marekani nyumba ya familia moja au mbili inajengwa kwa kitabu kimoja cha kanuni za ujenzi. Ukiweka ya tatu juu ya hizo, unarushwa kwenye kitabu cha majengo makubwa, kilekile cha maghorofa na maofisi. Hapo unaongezewa mabomba ya kuzimia moto darini, michoro ya msanifu mwenye leseni, na gharama inaruka. Ya pili, kwa majimbo mengi, haina hayo. Ya pili inataka ukuta au dari ya kutenganisha inayostahimili moto saa moja, na kama kuna chumba cha kulala chini ya ardhi, dirisha ambalo mtu anaweza kutokea. Hilo ni kazi ya wiki, si ya kufilisi. Ndiyo maana mimi nasema siku zote: pigania mbili, tatu ni sifa za kwenye magazeti.

Lingine, kwa wanaofikiria kununua zile za zamani za juu na chini kwenye mji ambao siku hizi hauruhusu. Zilizokuwepo kabla ya kanuni zinalindwa, lakini kwa sheria ya Minnesota matumizi yakikatika zaidi ya mwaka mmoja ulinzi unakufa. Nimeona mtu kanunua, akaacha ghorofa ya juu tupu akisubiri hela ya ukarabati. Miezi kumi na minne. Alipokwenda kuomba kibali akaambiwa ni nyumba ya familia moja sasa. Alilia mbele yangu, mwanaume mzima.

Kifimbo wa Mbezi

Daah. Sasa na mkopo je? Wabongo wa huko mnanunuaje?

Fundi Saint Paul

Mkopo unaodhaminiwa na serikali, FHA, unakubali hadi nyumba nne kwenye jengo moja kwa malipo ya awali ya asilimia 3.5, mradi wewe mwenyewe ukae mojawapo. Na benki inaweza kuhesabu kodi ya mpangaji wako kama sehemu ya kipato. Kwa mtu wa mshahara wa kawaida hiyo ndiyo ngazi. Unakaa chini, mpangaji wa juu anakusaidia kulipa. Mjini Minneapolis utahitaji leseni ya kupangisha, usisahau, wakaguzi wanakuja kweli.

Mapendo wa Lewiston

Ndugu zangu, mimi ni Mkongomani wa Uvira, niko jimbo la Maine, Marekani. Tulifika majira ya joto 2019, sisi na Waangola, mamia ya watu, mji wa Portland wa hapahapa Maine wakatulaza kwenye ukumbi wa michezo, vitanda vimepangwa kama hospitali. Shida haikuwa chakula. Shida ilikuwa nyumba hakuna. Watu wa huko walikuwa wema, lakini wema hauna paa.

Lewiston tulipata kwa sababu kuna zile nyumba za mbao za ghorofa tatu, kila ghorofa familia, zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo, Wafaransa kutoka Kanada. Walipokuja nao walisemwa. Mwaka 2022 Maine ikapitisha sheria kwamba kiwanja cha makazi cha familia moja kiruhusu angalau nyumba mbili, jimbo lote, mji usiweze kusema hapana moja kwa moja. Oregon walitangulia 2019, mji wowote wenye watu zaidi ya 10,000. Hapo ndipo napenda kuuliza: kwa nini uamuzi uachiwe kikao cha mtaa, wakati atakayekaa humo bado hajafika? Mimi 2019 nilikuwa njiani. Nani angenitumia barua?

Mama Kilimani

Mapendo, hilo limenigusa. Lakini nijibu pia: yule wa jimbo, hajui bomba langu. Nani atamwambia?

Mpimaji Mstaafu

Mama, hilo ni swali la kazi yangu yote. Jimbo liseme nini kiruhusiwe, mtaa useme bomba linabeba ngapi, na useme kwa namba, siyo kwa hulka. Bomba likikosa uwezo, halmashauri iandike lini litapanuliwa. Sisi Tanzania tuna Sheria ya Mipangomiji ya 2007, inataka wananchi washirikishwe kabla ya kubadili matumizi ya ardhi. Nimekaa kwenye vikao hivyo. Wenye hoja ya maji niliwapa kalamu na karatasi. Wenye hoja ya "wale watu" walikuwa wananifuata nje baada ya kikao.

Baba Neema MN

Wakuu nimerudi, miezi imepita, naleta mrejesho.

Yule fundi mwenye kiwanja hakukata rufaa. Aliuza kiwanja. Mwezi wa tisa tingatinga likaja, nyumba ya bibi ikaenda asubuhi moja, kufika mchana nimetoka kazini kuna shimo. Sasa imesimama nyumba moja, familia moja, ghorofa mbili, gereji ya magari matatu. Nimepita kwa miguu nikapima kwa hatua, kwa macho yangu inazidi ule mchoro wa familia mbili kwa upana na kwa kimo. Wanakaa mume na mke na mbwa. Watu wazuri, wamenisalimia.

Barua haikuja safari hii. Nilimuuliza afisa mipango nilipokutana naye dukani, akasema nyumba hiyo haikuhitaji kikao, kibali kilitoka dirishani kama kawaida.

Dada yetu Mkenya amehama. Kodi ilipanda, kapata mahali, dakika 40 kwa gari kutoka kazini.

Kifimbo wa Mbezi

Pole kwake. Mkuu, na ule mti wa mwaloni waliokuwa wanaulilia?

Baba Neema MN

Si nilisema ulikuwa wa jirani? Bado upo.